Maji Baina ya Aliye Juu na Aliye Chini: Hukumu za Fiqhi na Historia ya Mifereji ya Mlima Meru

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Aliyejaalia maji kuwa asili ya kila chenye uhai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyehukumu baina ya majirani kwa uadilifu, na ziwashukie aali zake na Maswahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yanayozidi kuleta ugomvi katika nchi yetu ni maji. Mkulima humshitaki mkulima mwenziwe, mfugaji hugombana na mwenye shamba, na mji humezea mate chemchemi za vijiji. Mara nyingi watu hudhani kuwa haya ni mambo ya serikali na wahandisi peke yao, na kwamba Sharia haina la kusema zaidi ya hukumu za udhu na janaba. Dhana hiyo si sahihi. Wanazuoni wetu wameyazungumza maji katika milango ya kuhuisha ardhi, ubia, sulhu, wakfu na ghasbu, kwa urefu ambao wengi katika wanafunzi wetu hawajaufikia. Katika makala hii tutaeleza kwa ufupi misingi ya hukumu hizo, kisha tutaitazama historia ya mgao wa maji katika Mlima Meru na nchi ya Kisongo, ili ionekane wapi mila za wazee wetu, sheria za dola na fiqhi zinakutana, na wapi zinaachana.

MLIMA NA KIVULI CHAKE

Kisongo iko magharibi ya mji wa Arusha, katika barabara iendayo Makuyuni, na jina lake ni la ukoo mkubwa wa Wamasai. Anayesimama Kisongo anauona Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, mbele ya macho yake. Lakini kuuona mlima si kuyapata maji yake. Pepo za mvua hutoka upande wa bahari, zikamwaga rehema yake katika mabega ya kusini na mashariki, na upande wa magharibi ukabakia katika kivuli. Kwa ajili hiyo mito inayotiririka mwaka mzima, kama Themi, Nduruma, Tengeru na Usa, imeelekea kusini, ikaingia mto Kikuletwa, na Kikuletwa ikaenda katika bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani hadi baharini. Huko juu kuna migomba na kahawa. Huku Kisongo kuna malisho, vumbi na mnada wa mifugo.

Basi katika mwendo wa saa chache kwa miguu hukutana mtu mwenye mfereji mbele ya nyumba yake na mtu anayemtanguliza punda na madumu kutafuta maji. Hali hii ndiyo iliyofanya suala la mgao kuwa kubwa katika nchi hii tangu zamani.

MISINGI KATIKA QUR'ANI NA SUNNA

Qur'ani Tukufu imetaja mgao wa maji kwa uwazi. Katika kisa cha Nabii Saleh (A.S.) na kaumu ya Thamud, Mwenyezi Mungu ameeleza kuwa ngamia alikuwa na zamu yake ya kunywa, na watu walikuwa na zamu yao katika siku maalumu (Sura ya 26, aya ya 155), na katika Sura ya 54, aya ya 28, imebainishwa kuwa maji yamegawanywa baina yao na kila mwenye zamu ahudhurie zamu yake. Wanazuoni wamechukua humo dalili ya kujuzu kugawana maji kwa siku, yaani muhayaa. Tena tuzingatie kuwa mwenye kupewa zamu alikuwa mnyama, na kaumu iliyomdhulumu mnyama huyo iliangamizwa.

Na katika Sura ya 28, aya ya 23, tunasoma kuwa Nabii Musa (A.S.) alipofika kwenye maji ya Madyan aliwakuta wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao, kwa kuwa hawakuweza kunywesha mpaka wachungaji wenye nguvu waondoke. Musa akawanyweshea. Hili ndilo tatizo la kila kisima duniani: mwenye nguvu hutangulia na mnyonge husubiri masalio.

Ama katika Sunna, hadithi ni nyingi. Imepokewa na Abu Daud na Ahmad kuwa Mtume (S.A.W.) aliwafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa alikataza kuuza maji yaliyozidi haja. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) katazo la kuzuia maji ya ziada kwa hila ya kuwazuia watu malisho yaliyo pembezoni mwake. Hadithi hii ya mwisho inawahusu moja kwa moja wafugaji, kwani mwenye kukizuia kisima katika mbuga amezuia mbuga yote, hata kama hakuweka uzio.

HUKUMU YA ZUBAYR NA JIRANI YAKE

Tukio lililo msingi wa mlango huu limepokewa na Bukhari na Muslim. Zubayr bin Al-Awwam (R.A.) na mtu mmoja katika Ansari waligombana juu ya mikondo ya maji ya Harra huko Madina, ambayo kwayo walinywesheleza mitende. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Ansari alimtaka ayaachie maji yapite, Zubayr akakataa. Wakafika kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwamuru Zubayr anyweshe kisha ayapeleke kwa jirani yake. Ansari akakasirika, akasema kuwa Zubayr amependelewa kwa kuwa ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Uso wa Mtume (S.A.W.) ukabadilika, akamwamuru Zubayr anyweshe kisha ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba. Az-Zuhri ameeleza kuwa watu walikikadiria kipimo hicho, kikawa ni kiasi cha maji kufika vifundo vya miguu.

Wanazuoni wamebainisha kuwa hukumu ya kwanza ilikuwa ni sulhu: Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubayr asamehe sehemu ya haki yake kwa ajili ya jirani. Ansari alipoikataa sulhu kwa maneno mabaya, ndipo Zubayr alipopewa haki yake kamili. Na Imam Malik katika Muwatta amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alihukumu katika mabonde mawili ya Madina, Mahzur na Mudhaynib, kuwa aliye juu ayazuie maji mpaka yafike vifundoni, kisha ayaachie yaende kwa aliye chini.

Hadithi hizi zina pande mbili, na kosa la wengi ni kushika upande mmoja. Aliye juu ana haki ya kuanza. Hilo ni kweli. Lakini haki yake ina mpaka, nao ni vifundo vya miguu, na baada ya mpaka huo kuyazuia ni dhulma.

MANENO YA WANAZUONI

Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 H (798), alimwandikia Khalifa Harun Rashid kitabu cha Kharaji, na ndani yake akaweka mlango wa maji, visima na mito. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 H (1058), aliyagawa maji mafungu matatu: maji ya mito, maji ya visima na maji ya chemchemi. Na alipozungumza kipimo cha vifundo alisema kuwa hakiwi sawa kwa kila nchi na kila zama, bali hukadiriwa kwa haja, kwa sababu ardhi, mimea na majira hutofautiana. Neno hili ni muhimu sana kwetu, kwani mgomba wa Tengeru hauhitaji kiasi kile kile cha mahindi ya tambarare.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 H (1277), amekusanya hukumu hizi katika Minhaj, kwenye mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Muhtasari wake ni huu:

Kwanza, maji ya mabonde na chemchemi za milimani ni ya watu wote kwa usawa. Yakiwa finyu, huanza aliye juu kabisa, kisha anayemfuatia, na kila mmoja huyazuia mpaka yafike vifundoni.

Pili, aliyechota maji katika chombo chake ameyamiliki. Hapa ndipo ilipojengwa ruhusa ya kuuza maji yaliyobebwa, kama kuni zilizokatwa porini.

Tatu, aliyechimba kisima katika ardhi iliyokufa kwa ajili ya kukitumia tu, yeye ni mbele ya wengine mpaka atakapoondoka. Ama aliyechimba kwa kumiliki, maji yake ni milki yake kwa kauli iliyo sahihi. Hata hivyo, ikiwa yamezidi haja yake, halazimiki kuyatoa kwa ajili ya mazao ya mtu mwingine, lakini yamlazimu kuyatoa kwa ajili ya wanyama. Mazao yakinyauka ni mali imepotea. Mnyama akifa kwa kiu ni roho yenye heshima imepotea.

Nne, mfereji wa ubia hugawanywa kwa kuweka ubao katika upana wa mkondo, wenye matundu yaliyo sawa au yaliyopishana kwa kadiri ya mafungu ya wenyewe. Na inajuzu pia kugawana kwa zamu.

Wafafanuzi wa madhehebu wameongeza jambo la tano, nalo ni kutangulia. Ikiwa aliye chini ndiye aliyetangulia kuhuisha ardhi yake, kisha akaja mtu akahuisha juu yake na kumbania maji, wa kwanza ndiye anayetangulizwa. Kwa hivyo ujuu peke yake si hoja. Hoja ni ujuu pamoja na kutotangulia mwingine.

Wanazuoni wakatofautisha pia baina ya haki ya shafa, yaani kunywa wanadamu na wanyama, na haki ya shirbu, yaani kunywesheleza mashamba. Ya kwanza ni pana zaidi na hutangulizwa. Sheria ya dola ya Uthmaniya iliyoandikwa katika karne ya 19, maarufu kwa jina la Majalla, katika kifungu cha 1234 ilithibitisha ushirika wa watu katika maji, malisho na moto.

Na katika kupitisha mfereji kwenye ardhi ya mwingine, Imam Malik amepokea kisa cha Dhahhaak bin Khalifa, aliyetaka mfereji wake upite katika ardhi ya Muhammad bin Maslama, naye akakataa ilhali angeweza kunufaika nao mwanzo na mwisho wake. Umar bin Al-Khattab (R.A.) akaamuru upitishwe. Wanazuoni wamehitilafiana katika kumlazimisha mwenye ardhi, lakini kisa kinaonyesha uzito ambao Umar aliuona katika manufaa yasiyo na madhara.

HUKUMU ZILIVYOTENDWA KATIKA NCHI

Hukumu hizi zilitendwa katika nchi kwa karne nyingi. Oman, ambayo watu wa pwani yetu wana udugu nayo, maji ya aflaji hugawanywa kwa kipimo cha athari, ambacho ni takriban nusu saa, na athari 24 hufanya bada moja ya saa 12. Kila falaji ina wakili wake na daftari lake, na baadhi ya mafungu huuzwa kwa mnada ili kupata fedha za kuutengeneza mfereji. Aflaji tano za Oman ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Huko Valencia, Hispania, mahakama ya maji ya wakulima ambayo asili yake hunasibishwa na zama za Andalusi hukutana mpaka leo kila Alhamisi adhuhuri, na neno la Kihispania la mfereji, acequia, limetokana na neno la Kiarabu saqiya.

Ama wakfu, mfano ulio mashuhuri ni kisima cha Ruma mjini Madina. Mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji, Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua na kukifanya cha Waislamu wote. Tuangalie njia aliyoifuata: mwenye kisima hakunyang'anywa, bali alilipwa.

MIFEREJI YA MLIMA MERU

Sasa turejee nyumbani. Kaskazini magharibi ya Kisongo, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yapo magofu ya Engaruka. Hapo, baina ya karne ya 15 na ya 18, waliishi wakulima waliojenga mifereji ya mawe na matuta katika eneo la takriban hekta 2,000, kisha mji wao ukahamwa. Mbele zaidi, wilayani Ngorongoro, Wabatemi ambao wengi huwaita Wasonjo wamehifadhi mpaka zama zetu baraza la wazee, wenamiji, lenye mamlaka ya kugawa maji ya mashamba. Kilimanjaro, Wachaga walikuwa na mifongo yao. Kwa hivyo ilmu ya mfereji katika nchi hii ni ya kale, na haikuletwa na mkoloni.

Katika Meru, Wameru walikaa mabega ya kusini mashariki tangu takriban karne ya 17, na Waarusha wakafika upande wa kusini magharibi katika miaka ya 1830 wakitokea Arusha Chini. Wote walichimba mifereji. Msingi wa mila yao ulikuwa jasho: waliochimba mfereji na kuusafisha ndio wenye zamu, na asiyefika siku ya kazi hutozwa faini au hukosa zamu yake. Wazee ndio waliopanga siku na saa. Nao Wamasai wa tambarare walikuwa na taratibu zao: kisima ni cha aliyekichimba na ukoo wake, kunywesha ni kwa utaratibu wa wazee, na mpita njia hanyimwi maji ya kunywa. Msomaji wa Minhaj ataona mara moja jinsi mila hizi zilivyo karibu na fiqhi: kutangulia, kazi, zamu na haki ya kiu.

Kisha wakaja Wajerumani. Baada ya vita vya mwaka 1896 na vilivyofuatia, watu wengi waliuawa, migomba ikachomwa na ng'ombe wakatekwa. Mwaka 1900 boma la Arusha likajengwa kwa kazi ya Waarusha na Wameru. Kuanzia miaka ya 1904 na 1905 wakaletwa walowezi, miongoni mwao Makaburu wa Afrika Kusini, wakapewa ardhi chini ya mlima, kati ya vijiji vya wenyeji na tambarare za malisho. Mashamba hayo yaliuzunguka mlima kama mkanda. Wenyeji wa juu wakakosa pa kutanukia, na mifugo ikakatiwa njia ya kuteremkia mbugani na kurejea kwenye maji.

Hapo ugomvi wa maji ukageuka sura. Walowezi walikuwa chini, na wenyeji waliotangulia walikuwa juu. Kwa kipimo cha fiqhi wenyeji walikuwa na hoja zote mbili, ya ujuu na ya kutangulia. Lakini dola ilileta hoja ya tatu, nayo ni karatasi. Waingereza walitunga sheria ya maji mwaka 1923, kisha nyingine mwaka 1948 na 1959. Mwenye shamba aliyesoma aliandikisha haki yake, ikapimwa na kuhifadhiwa ofisini. Mwenye mfereji wa babu yake hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa mfereji wenyewe na ushahidi wa wazee.

Ardhi na maji havitengani. Tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa ripoti yake mwaka 1947, na kwa mapendekezo yaliyotokana nayo, mwezi wa Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngarenanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Jina lenyewe la Ngarenanyuki kwa Kimasai ni maji mekundu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha malalamiko ya watu wake Umoja wa Mataifa, na kesi hiyo ikawa miongoni mwa mambo yaliyowaamsha Watanganyika kudai uhuru.

SHERIA BAADA YA UHURU

Baada ya uhuru, Sheria Namba 42 ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote ya Tanzania Bara mikononi mwa Jamhuri. Mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, na ada za matumizi ya maji zikafuata katika miaka hiyo ya 1990. Sababu mojawapo ilikuwa umeme: chini ya bonde kuna mitambo ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, na mtambo mpya wa Pangani wa megawati 68 ulianza kazi mwaka 1995. Kwa hivyo mkulima anayefungua banio lake Meru anapunguza maji yanayozungusha mitambo iliyo mamia ya kilomita chini yake. Juu ya hayo kukaongezeka mashamba makubwa ya maua katika mabega ya chini ya mlima, na mji wa Arusha unaokua mwaka baada ya mwaka.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilifuatiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009. Sheria hii inasema maji ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Matumizi ya nyumbani yamewekwa mbele, kisha mahitaji ya mazingira, kisha shughuli za uchumi kwa kadiri ya maji yaliyopo. Mwenye kuchepusha maji kwa kilimo kikubwa au kiwanda anahitaji kibali. Jumuiya za watumia maji zimepewa nafasi ya kugawa maji na kusuluhisha, na haki za kimila zimetambuliwa.

Lakini ofisi haiwezi kusimama kwenye kila banio usiku. Katika mito kama Nduruma, wakulima wenyewe waliunda kamati za mto ambazo huwakutanisha watu wa mifereji ya juu na ya chini, wakapangiana siku: siku kadhaa maji yabakie juu, siku kadhaa yaachwe yateremke. Hii ndiyo muhayaa iliyotajwa na wanazuoni, imefanywa na watu ambao wengi wao hawajapata kuisikia Minhaj. Na pale ilipovunjika, ilivunjika kwa sababu ile ile: mtu wa juu alifungua banio katika zamu ya mwenziwe, au mwenye mali alitegemea kibali chake akaona hana haja ya kukaa na wazee.

MASUALA YANAYOULIZWA

Je, kibali cha serikali kinamilikisha mto? Jawabu letu ni hapana. Mtawala ana mamlaka ya kupanga yaliyo mubaha kwa maslaha ya raia, na kumtii katika hilo ni wajibu. Lakini kibali ni ruhusa ya kutumia, hakifuti kiu ya aliye chini. Mwenye kibali ambaye maji yake yamezidi, na ng'ombe wanakufa nje ya uzio wake, hukumu ya Minhaj inamshika.

Je, kulipia maji ya bomba kunapingana na hadithi ya ushirika? Haipingani. Katazo ni la kuuza maji yaliyo katika asili yake na yaliyozidi haja. Ama kuyavuta, kuyasafisha na kuyafikisha kwa watu ni kazi yenye gharama, na malipo ni ya kazi hiyo. Lakini bei ikimfanya maskini ashindwe kunywa, basi ni wajibu wa viongozi na matajiri kumkidhia, kwani kuinusuru roho ni fardhi ya kutoshelezana.

Je, anayefungua maji katika zamu ya mwenziwe ana hukumu gani? Huyo ni mwenye kughusubu haki. Na hata akitawadha kwa maji aliyoyapora, jamhuri ya wanazuoni, na ndiyo madhehebu ya Shafi, wanasema udhu wake unasihi pamoja na dhambi, lakini kauli mashuhuri ya Mahanbali ni kuwa udhu hausihi. Ni hatari kubwa kwa mja kusimama mbele ya Mola wake kwa udhu ambao wanazuoni wamehitilafiana kama upo au haupo.

Na vipi maji yenye floraidi, ambayo ni mengi katika miamba ya volkano ya Meru? Maji hayo ni tohara na hutoharisha, kwa kuwa kilichochanganyika nayo kimetoka katika makazi yake ya asili. Ama kunywa ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 1.5 kwa lita, na zipo chemchemi za Meru zinazopita mbali kiwango hicho, zikaharibu meno na mifupa ya watoto. Hapo inaingia kanuni ya kuondoa madhara. Serikali imekuwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi Ngurdoto, na Waislamu wasione haya kuuliza maji ya kisima cha msikiti yamepimwa au hayakupimwa.

YANAYOTUPASA

Kwanza, maimamu waisomeshe hadithi ya Zubayr yote, si nusu yake. Watu wa juu wakumbushwe vifundo vya miguu, na watu wa chini wakumbushwe kuwa kuikataa sulhu kwa maneno ya kashfa kulimpotezea Ansari alichokuwa amekwisha kupewa.

Pili, Waislamu waingie katika kamati za mito na jumuiya za watumia maji, wala wasisubiri hukumu ziandikwe wao hawapo. Wenye mifereji ya urithi waitumie nafasi iliyotolewa na sheria kuzithibitisha haki zao, kwani tumeona jinsi karatasi ilivyowashinda wazee wetu.

Tatu, katika nchi kavu kama Kisongo, anayetaka sadaka yenye kuendelea na ajenge kisima, tangi la kuvunia maji ya mvua au hori la kunyweshea mifugo, na akifanye wakfu kwa sharti zilizoandikwa: nani msimamizi, fedha za mashine na matengenezo zitatoka wapi, na zamu ya mifugo ni ipi. Visima vingi vya sadaka vimekufa kwa kukosa msimamizi, na maji yalikuwepo. Na kisima cha msikiti kisifungwe kwa majirani wasio Waislamu, kwani haki ya shafa haikuulizwa dini ya mwenye kiu, wala jina la mwenye ng'ombe.

Nne, tuanze na nafsi zetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, nacho ni chini ya lita moja. Misikiti yetu ya mjini mabomba huachwa yakimwagika wakati watoto wa Kisongo wanasukuma madumu. Hatuwezi kumhutubia mwenye shamba la maua juu ya israfu ilhali mfereji unaotoka katika maeneo yetu ya kutawadhia unatushuhudia.

Mwenyezi Mungu ameuliza, katika aya ya mwisho ya Suratul Mulk, ni nani atakayewaletea watu maji yanayotiririka iwapo maji yao yatadidimia chini. Tunamuomba atuteremshie mvua yenye manufaa, aziunganishe nyoyo za walio juu na walio chini, na atujaalie tuwe wenye kutoa haki kabla ya kudaiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.